Sensa ya oksijeni ikiharibika injini inaathirikaje? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Gari likianza kula mafuta, kunuka petroli au kuzubaa ukikanyaga pedali, siku hizi jina la kwanza kutajwa gereji ni sensa ya oksijeni. Mara nyingine ni kweli imekufa. Lakini nimeshika sensa nyingi zilizong'olewa zikiwa nzima, mwenye gari ameshanunua mpya, na ugonjwa wenyewe bado umekaa ndani ya injini. Jambo hilo linaniuma, ndiyo maana baadhi ya majibu hapa ni marefu kuliko mengine. Maswali yametoka kwa wenye magari na kwa vijana wanaojifunza kazi.

Sensa ya oksijeni ni kitu gani hasa, na inakaa wapi?

Ukiishika mkononi utadhani ni plagi iliyoota mkia wa waya. Inafungwa kwenye bomba la egzosi, ncha yake ikiwa ndani ya moshi unaotoka kwenye injini. Ndani ya ile ncha yenye matundu kuna kidole kidogo cha kauri ya zirkonia kilichopakwa platinamu ndani na nje. Upande wa nje wa kidole unaguswa na moshi, upande wa ndani unaguswa na hewa ya kawaida.

Kauri hiyo ikishapata joto la kama nyuzi 300 za Selsiasi, huanza kutoa umeme mdogo kulingana na tofauti ya oksijeni kati ya pande hizo mbili. Moshi ukiwa na oksijeni kidogo sana, maana yake petroli ilikuwa nyingi, sensa hutoa volti 0.8 hadi 0.9. Moshi ukiwa na oksijeni ya kubaki, maana yake hewa ilikuwa nyingi, volti hushuka hadi 0.1 au 0.2. Katikati, kwenye 0.45 hivi, ndipo mchanganyiko unapokuwa sawa.

Shika neno moja hapa, maana tutalirudia: sensa hii haioni petroli. Inaona oksijeni peke yake. Petroli inakisiwa na kompyuta kutokana na oksijeni iliyoonekana, na makosa mengi ya gereji yanaanzia hapo.

Kompyuta ya gari inaitumia vipi taarifa hiyo?

Ili petroli iungue yote bila kubaki hewa wala mafuta, kila kilo 1 ya petroli inahitaji karibu kilo 14.7 za hewa. Kompyuta inapiga hesabu ya hewa inayoingia, inaamua nozeli zifunguke kwa muda gani, kisha inasubiri sensa imwambie matokeo. Volti ikipanda, inapunguza mafuta kidogo. Ikishuka, inaongeza kidogo. Mchezo huu unakwenda bila kukoma muda wote injini ikiwa na joto, na ndiyo maana volti ya sensa nzima ya mbele haitulii: inapanda na kushuka, inapanda na kushuka.

Masahihisho haya yana namba, na ukiwa na mashine ya kupimia utaziona. Kuna marekebisho ya papo hapo, yanayobadilika kila sekunde, na kuna marekebisho ya muda mrefu ambayo kompyuta inayahifadhi kama kumbukumbu ya tabia ya gari lako. Yakiwa karibu na sifuri, injini ina afya. Yakizidi asilimia 10 juu au chini, kuna kitu kinaanza kwenda kombo. Yakifika asilimia 20 na kuendelea, taa ya injini haiko mbali kuwaka kwenye dashibodi.

Injini ikiwa baridi, kompyuta haiisikilizi sensa. Inatumia hesabu zake za kiwandani mpaka sensa ipate moto. Zamani sensa ilikuwa na waya mmoja na ilisubiri kupashwa na moshi, jambo lililochukua muda. Leo karibu zote zina hita ndani yake, ndiyo maana utahesabu waya nne: mbili za hita, mbili za taarifa. Teknolojia yenyewe si ya jana. Bosch ya Ujerumani iliiunda, na Volvo ikaanza kuifunga kwenye magari yaliyokwenda soko la Marekani mwaka 1976.

Mbona gari langu lina mbili, na la jirani lina nne?

Moja iko kabla ya masega, yaani kile kichujio cha kusafisha moshi chenye vijitundu kama sega la nyuki, na nyingine iko baada yake. Injini ya V ina egzosi pande mbili, kwa hiyo inakuwa na jozi mbili. Mashine ikisema benki 1, inamaanisha upande wenye silinda namba 1. Sensa 1 ni ya mbele, sensa 2 ni ya nyuma.

Ya mbele ndiyo inayotawala mafuta. Ya nyuma kazi yake kubwa ni kuangalia kama masega yanafanya kazi, ingawa kwenye magari mengi inasaidia pia kusahihisha ile ya mbele kwa kiasi kidogo. Kwa hiyo gari likikosa nguvu, anza kuitazama ya mbele.

Sensa ya mbele ikiharibika, nitasikia nini kwenye injini?

Inategemea imeharibika vipi, kwa sababu haifi kwa namna moja.

Ikikwama chini, tuseme volti 0.1 muda wote, kompyuta inaamini injini ina njaa ya mafuta. Inaongeza, sensa bado inasema hewa nyingi, inaongeza tena. Mchanganyiko unakuwa mzito. Utanusa petroli kwenye egzosi, pengine utaona moshi mweusi ukikanyaga mafuta, plagi zitajaa masizi, silensa (mzunguko wa injini usipokanyaga mafuta) itayumba, na geji ya mafuta itashuka haraka kuliko ulivyozoea. Hatari kubwa ni ile usiyoiona. Petroli isiyoungua inaosha oili kwenye kuta za silinda, inateremka hadi kwenye oili ya injini na kuifanya nyepesi. Nyingine inakwenda kuungulia ndani ya masega, ambayo yanapata joto kupita kiasi hadi vijitundu vyake kuyeyuka na kuziba. Masega yakiziba injini haiwezi kupumua, na hapo gari litakosa nguvu hata ukibadilisha sensa kumi.

Ikikwama juu, mambo yanageuka. Kompyuta inadhani mafuta yamezidi, inayabana. Mchanganyiko unakuwa mwepesi. Gari linashtuka au kusita unapokanyaga ghafla, linamisi (silinda inakosa kuwaka), linakosa nguvu mlimani, na chumba cha kuunguzia mafuta kinapata joto zaidi ya kawaida. Ukisikia injini inagonga kama kokoto kwenye kopo wakati wa kupanda mlima, usiendelee kuilazimisha.

Kuna sensa isiyokwama, ila imechoka. Bado inapanda na kushuka, lakini polepole. Kompyuta inapata habari iliyochelewa, inasahihisha kosa lililokwisha kupita, kisha inasahihisha lile sahihisho. Dereva anahisi gari linavutwa na kuachiwa kidogo kidogo kwenye mwendo wa kutulia. Taa inaweza isiwake kwa miezi, na kinacholalamika ni mfuko wake tu. Ikiwaka, kodi, yaani namba ya kosa inayosomwa kwa mashine, huwa P0133.

Halafu kuna hita iliyokatika. Sensa yenyewe nzima, lakini inachelewa kupata moto, au inapoa gari likisimama kwenye foleni. Safari ndefu gari liko sawa, safari fupi linakula mafuta. Kodi za hita ni P0135 kwa ya mbele na P0141 kwa ya nyuma, upande wa benki 1.

Jambo moja linalowachanganya wengi: gari lenye sensa mbovu linaweza kwenda vizuri ukikanyaga pedali hadi chini. Si muujiza. Kwenye mkanyago wa mwisho magari mengi huacha kuisikiliza sensa na kutumia hesabu zilizopangwa kiwandani. Shida inarudi ukilegeza mguu na kwenda mwendo wa kawaida.

Mashine imetoa P0171, mchanganyiko mwepesi. Fundi anasema ninunue sensa. Ni sahihi?

Hapana, si kwa kodi hiyo peke yake. Wahenga walisema mjumbe hauawi, na P0171 ni barua iliyoletwa na mjumbe. Kompyuta inasema: nimeongeza mafuta hadi kikomo na bado ninaambiwa hewa ni nyingi. Kwanza uliza kama kweli hewa ni nyingi.

Angalia mipira ya vakyumu iliyopasuka, gasketi ya menifoldi ya kuingizia hewa, sensa ya kupimia hewa iliyochafuka, chujio la mafuta lililoziba, pampu iliyochoka, nozeli zilizoziba. Kila kimoja kati ya hivyo kinaleta kodi hiyo hiyo huku sensa ya oksijeni ikifanya kazi yake kwa uaminifu.

Kuna viwili vinavyoidanganya sensa, na ningependa kila mwanafunzi wangu avijue kama jina lake.

Cha kwanza ni egzosi inayovuja kabla ya sensa. Watu wanasema, "Moshi unatoka nje, hewa itaingiaje?" Inaingia. Moshi unatoka kwa mapigo, na kati ya pigo na pigo bomba linavuta. Kupitia ufa ule ule hewa ya nje inaingia na kupita mbele ya sensa. Sensa inaona oksijeni, inasema kweli ilichokiona, na kompyuta inamwaga mafuta yasiyohitajika. Nakumbuka gari moja dogo lililoletwa likiwa na sensa mpya kabisa, bado inang'aa, na bado linanuka petroli. Niliinama asubuhi injini ikiwa baridi, nikasikia ti-ti-ti-ti karibu na menifoldi. Pembeni ya gasketi kulikuwa na mstari mweusi wa masizi, mwembamba kama umechorwa kwa penseli, ukielekea nje. Injini ilipopata moto, chuma kilitanuka na sauti ikapotea, ndiyo maana hakuna aliyeisikia gereji mchana. Tulibadilisha gasketi. Marekebisho ya mafuta yalikuwa juu ya asilimia 20, yakarudi karibu na sifuri siku hiyo hiyo.

Cha pili ni silinda isiyowaka. Koili ikifa au plagi ikichoka, hewa na petroli ya silinda ile zinatoka bila kuungua. Hapo kuna petroli nyingi kwenye egzosi, lakini pia kuna oksijeni nyingi, na sensa inaona oksijeni tu. Inasema hewa nyingi. Kompyuta inaongeza mafuta kwa silinda zote, hata zile nzima. Ndiyo maana gari linalomisi linanuka petroli huku mashine ikisema mchanganyiko ni mwepesi. Tibu moto wa plagi kwanza, kisha urudi kwenye sensa.

Nikichomoa soketi ya sensa gari linakwenda vizuri. Basi sensa ni mbovu?

Ni dalili, si hukumu. Ukichomoa, kompyuta inaacha kusahihisha na kutumia hesabu zake za kiwandani. Kama gari limetulia, umejua kwamba taarifa iliyokuwa ikiingia ilikuwa inalipotosha. Hujajua nani mwongo: sensa, waya wake, au ule ufa wa egzosi niliousema. Usiliache hivyo. Hesabu za kiwandani hazijui injini yako imezeeka wala leo hewa ikoje.

Nini kinaiua sensa?

Uzee, lakini pia sumu. Na sumu karibu zote zinaacha alama, kwa hiyo sensa iliyong'olewa usiitupe kabla ya kuitazama kwenye mwanga.

Masizi makavu meusi yanaonyesha mchanganyiko mzito. Ukoko wa kahawia au kijivu wenye dalili za mafuta unaonyesha injini inakula oili, ama kupitia ringi au sili za valvu. Unga mweupe unahitaji kufikiriwa zaidi. Unaweza kuwa umetokana na maji ya kupozea injini: gasketi ya kichwa cha injini inavujisha maji ya rejeta kidogo kidogo kwenye silinda, na dawa iliyomo kwenye maji hayo inaganda juu ya kauri. Unaweza pia kuwa umetokana na silikoni, ile gundi ya kubandikia gasketi. Silikoni isiyofaa kwa injini hutoa mvuke, mvuke unavutwa na kuingia kwenye silinda, ukiungua unageuka kuwa vumbi kama mchanga laini linalofunika kauri. Fundi anafunga sampo (bakuli la oili chini ya injini) vizuri kabisa, na wiki chache baadaye sensa imekufa, wala hafikirii kama vitu hivyo viwili vina uhusiano. Kwenye kopo la gundi kunakuwa na maandishi yanayosema ni salama kwa sensa. Yasome.

Risasi kwenye petroli ilikuwa muuaji mkubwa zamani. Algeria ndiyo iliyokuwa nchi ya mwisho kuiuza kwa magari, ikaacha mwaka 2021.

Mengine ni majeraha ya kawaida: sensa iliyoanguka sakafuni na kauri ikapasuka ndani bila kuonekana, maji baridi yaliyorushwa kwenye egzosi ya moto, waya uliolalia bomba ukayeyuka.

Sensa mpya ukiifunga kwenye injini inayokula oili au maji ya rejeta, umeipeleka kwenye sumu ile ile iliyoiua ya kwanza.

Inaweza kusafishwa?

Masizi yanaweza kuungua yenyewe injini ikirekebishwa na gari likienda mwendo mrefu. Sumu ya silikoni, risasi au dawa ya rejeta haitoki. Kuisugua kwa brashi ya waya kunaondoa platinamu na tabaka linaloilinda, na kuiloweka kwenye petroli au tindikali kunaiharibu zaidi. Siifanyi kazi hiyo na sikushauri umlipe mtu aifanye.

Nawezaje kuipima kabla ya kununua nyingine?

Anza kwa macho na masikio: soketi, waya, sauti ya egzosi, fyuzi ya hita. Kisha unganisha mashine kwenye soketi ya OBD, yaani ya kusomea makosa ya gari, ambayo kwenye magari mengi iko chini ya usukani. Magari yaliyouzwa Marekani yanayo tangu 1996, ya petroli ya Ulaya tangu 2001.

Acha injini ipate joto lake kamili, ipandishe hadi mizunguko 2,500 na uishikilie hapo. Tazama volti ya sensa ya mbele. Nzima itavuka 0.45 kwenda na kurudi mara nane au zaidi ndani ya sekunde 10 kwenye magari mengi, ikigusa karibu 0.1 chini na karibu 0.9 juu. Inayojivuta, au inayocheza kati ya 0.3 na 0.6 tu, imechoka.

Sasa ijaribu, usiitazame tu. Kanyaga mafuta ghafla na uachie: ukikanyaga volti inapaswa kuruka juu, ukiachia inapaswa kuanguka chini. Au chomoa mpira mmoja wa vakyumu ili hewa iingie: volti ishuke. Rudisha mpira, puliza kidogo dawa ya kusafishia kabureta kwenye njia ya hewa, mbali na chuma cha moto: volti ipande. Sensa inayojibu majaribio haya upesi ni nzima, hata kama kodi imeitaja kwa jina. Hapo ndipo ninapomwambia mwenye gari aziweke pesa zake mfukoni, twende tukatafute penye ugonjwa.

Hita inapimwa kwa maltimita. Chomoa soketi, pima kati ya zile waya mbili zenye rangi moja. Ikiwa baridi inapaswa kusoma omu chache, mara nyingi chini ya 20, na namba kamili iko kwenye kitabu cha gari. Isiposoma kitu, hita imekatika. Ikisoma sawa na kodi bado ipo, fuata umeme unaokuja: fyuzi, waya, ethi.

Onyo kwa anayetumia maltimita kwenye waya wa taarifa: usipitishe umeme wa betri humo wala usiupime kwa taa ya majaribio. Sensa haiwezi kuhimili.

Kipimo hiki ni sawa kwa sensa za hewa na mafuta za magari mapya?

Hapana. Magari mengi ya miaka ya karibuni yana sensa pana kwa mbele, mara nyingi yenye waya tano au zaidi, ingawa baadhi zina nne. Hii haisemi tu "nyingi" au "kidogo", inasema ni kiasi gani, kwa mkondo mdogo wa umeme ambao kompyuta inaugeuza kuwa namba. Ikiwa nzima haipandi na kushuka kama ya zamani, inatulia. Nimeona vijana wakiihukumu kwa sababu "haichezi". Soma namba ya lamda (mchanganyiko ulivyo ukilinganishwa na ule ulio sawa) kwenye mashine: 1 ndiyo sawa, chini ya 1 ni mzito, juu ya 1 ni mwepesi. Na usiweke sensa ya aina moja mahali pa nyingine hata soketi zikiingiliana.

P0420 ni sensa ya nyuma?

Kodi hiyo inayalalamikia masega. Sensa ya nyuma inapaswa kutulia, mara nyingi karibu na volti 0.6 au 0.7, kwa sababu masega mazima yanameza mapandashuka ya oksijeni. Ikianza kucheza sawasawa na ya mbele, masega yamechoka. Kabla ya kuyahukumu hakikisha egzosi haivuji na injini haimisi.

Kuna wanaofunga kipande cha chuma cha kuisogeza sensa nje ya moshi ili taa izime. Taa inazima kweli, na hewa chafu inaendelea kutoka. Kama masega yanayeyuka kwa sababu injini inamwaga mafuta, umejifumba macho huku kitu kikiungua.

Inadumu kwa muda gani?

Za zamani zisizo na hita zilihesabiwa kilomita 50,000 hadi 80,000. Zenye hita zinaweza kufika kilomita 160,000 injini ikiwa safi. Sibadilishi nzima kwa sababu ya kilomita peke yake, lakini kwenye gari lililotembea sana naipima hata kama taa haijawaka.

Naweza kuendelea kuendesha?

Gari litakwenda. Siku chache za kutafuta kifaa hazitaliua. Miezi ya kuendesha na mchanganyiko mzito itayaua masega na kuichosha oili, na masega yana gharama kubwa kuliko sensa. Kama taa ya injini inawaka na kuzima kwa kupepesa, hiyo ni silinda isiyowaka inayoharibu masega muda huo huo. Punguza mwendo na usimame mahali salama.

Nikiamua kuifunga mwenyewe nizingatie nini?

Thredi zake huwa M18 na spana ni namba 22. Tafuta ile soketi yenye mkato pembeni wa kupitisha waya. Injini ikiwa na uvuguvugu inatoka kwa urahisi kuliko ikiwa baridi kabisa, ila linda mikono. Ikigoma, weka dawa ya kutu na usubiri. Thredi za egzosi zikivuliwa, kazi ya nusu saa inageuka ya siku nzima.

Sensa mpya mara nyingi inakuja na grisi maalumu kwenye thredi. Iache hapo hapo, isiguse ncha. Kaza kwa nguvu ya kama Nm (nyutonimita) 40 hadi 45, au kama kitabu kinavyosema. Waya usiuache umejinyonga kama kamba, wala usiulaze kwenye egzosi.

Na hili wengi hawalijui: sensa inapumua kupitia waya wake. Ile hewa safi ya upande wa ndani wa kauri inapita katikati ya nyuzi za shaba. Ukijaza grisi kwenye soketi, au ukiunga waya kwa risasi ya kuchomelea, umeiziba pua. Nunua yenye soketi yake kamili ya gari lako kama unaweza.

Nibadilishe zote kwa pamoja?

Za mbele za benki mbili, kama moja imekufa kwa uzee, naona ni busara kuzibadilisha pamoja, zimetembea umbali sawa. Ya nyuma iache mpaka ipimwe.

Baada ya kufunga mpya, kuna kitu cha kufuta?

Futa kodi, na futa kumbukumbu ya marekebisho ya mafuta kama mashine inaruhusu. Usipofuta, kompyuta itajirekebisha yenyewe, ila kwa siku chache gari linaweza kuendeshwa na hesabu za sensa iliyokufa. Liendeshe kwa mchanganyiko wa mwendo, mjini na barabara ndefu, kisha soma marekebisho tena.

Dizeli nayo inayo?

Nyingi za kisasa zinayo, ya aina ile pana. Inasaidia kupanga moshi unaorudishwa kwenye injini na kiasi cha mafuta, lakini haiongozi mchanganyiko kwa namna niliyoieleza kwa petroli.

Nimebadilisha sensa mara mbili na taa inarudi na kodi ile ile. Nifanyeje?

Usinunue ya tatu. Soma kodi kwa makini: ya hita, ya volti ya chini, ya uvivu na ya mchanganyiko ni mambo manne tofauti, ingawa zote watu wanaziita "kodi ya oksijeni". Hakikisha aliyefunga alifunga upande unaotajwa. Nimekuta benki 1 na benki 2 zimegeuzwa.

Kisha fuata waya kutoka kwenye sensa hadi kwenye kompyuta, kwa vidole, si kwa macho tu. Mwenye gari mmoja alifika na sensa mbili zilizotolewa, zimefungwa kwenye gazeti ndani ya buti, na ya tatu ikiwa garini. Kodi ilikuwa P0131, volti ya chini. Nilichomoa soketi na kupima waya wa taarifa upande wa gari: ulikuwa umegusana na bodi. Nikaufuata hadi nyuma ya injini, ambako kishikizo cha plastiki kilikuwa kimevunjika na fungu la waya likalalia bomba la egzosi. Ganda lilikuwa limeyeyuka urefu wa kama ukucha, shaba inaonekana, ina weusi. Tulikata kipande kile, tukaunga waya mpya upande wa gari, tukauvisha ganda la kuzuia joto na kuweka kishikizo kingine. Halafu tukafungua gazeti, tukachukua sensa yake ya kwanza iliyokuja na gari, tukaipima, ikavuka 0.45 mara kumi na moja ndani ya sekunde 10. Tukairudisha mahali pake.